Kupaki Basi ni Hesabu

Chora kwa chaki sakafuni mstatili wa sentimita 105 kwa 68. Kila sentimita ihesabu kuwa mita moja: huo ni uwanja wa Kombe la Dunia. Tafuta vizibo kumi vya soda viwe wachezaji wa ndani. Kipa tumwache langoni.

Tuanze na swali dogo. Je, watu kumi wanaweza kuulinda uwanja wote? Eneo lake ni mita za mraba 7,140. Ukiwatawanya sawasawa, kila mmoja anabaki na mita za mraba 714, eneo linaloushinda hata uwanja wa mpira wa kikapu. Tena pasi kali huenda mita 15 kwa sekunde, wakati mchezaji mwenye mbio huishia mita tisa au kumi. Kwa miguu, mpira haukimbiliki.

Basi wasiulinde wote; huku ndiko kupaki basi, yaani kujaza watu mbele ya lango. Vikusanye vizibo kwenye mstatili wa 40 kwa 30 mbele ya boksi: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Sasa kila mmoja ana mita za mraba 120, na kati yake na jirani yake pana kama mita 11. Pasi ikipenya katikati yao, aliye karibu ana mita tano au sita tu za kuifuata.

Utauliza, na pembeni tulikoacha wazi? Lango lina upana wa mita 7.32. Mtu aliye kwenye alama ya penalti, mita 11 kutoka langoni, analiona limefunguka nyuzi 37 hivi. Msogeze mita 25 kuelekea pembeni, usawa uleule: lango lilelile limebaki nyuzi 6. Ndiyo maana kocha wa kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza, humwachia adui pembeni na kuibana katikati. Mpira ukihamishwa kutoka winga hii hadi ile, unachukua karibu sekunde tatu hewani. Muda huo unawatosha wote kumi kusogea pamoja mita kumi.

Morocco walilifanya hili kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Hispania walikaa na mpira kwa sehemu kubwa ya dakika 120 bila kupata bao, kisha wakatolewa kwa penalti 3-0. Hadi wanafika nusu fainali, bao pekee lililoingia langoni mwa Morocco ndani ya mchezo walikuwa wamejifunga wenyewe.

Sasa tazama upande wa pili wa chaki. Ili kuufungua ukuta huo, adui amepandisha watu, na mabeki wake wa kati wamefika mstari wa kati. Nyuma yao pana mita 50 tupu. Sheria ya kuotea haimhusu aliye kwenye nusu yake mwenyewe, kwa hiyo mshambuliaji mwepesi husubiri hapo kihalali. Yeye ameshalielekea lango. Beki lazima kwanza ageuke. Sekunde moja ya kugeuka ni mita saba au nane zilizopotea.

Kwenye Kombe la Dunia la 2018, huko Rostov, Ubelgiji hawakuwa wamepaki basi, lakini kona iliwavuta Wajapani mbele vilevile. Matokeo yalikuwa 2-2, dakika za nyongeza. Kipa wa Ubelgiji, Courtois, akaidaka kona, akamviringishia De Bruyne, naye akakimbia na mpira katikati ya uwanja mtupu. Akampa Meunier kulia. Krosi ya chini ikaja, Lukaku akaiacha ipite, Chadli akamalizia. Kutoka mikono ya kipa hadi wavuni zilipita kama sekunde kumi.

Kwa hiyo ukuta na kaunta ni hesabu moja: unapunguza nafasi nyuma yako ili adui aache nafasi nyuma yake. Timu inayowarundika wote kumi ndani ya boksi imefanya nusu tu ya hesabu, maana ikiunyakua mpira haina wa kumpa. Siku timu yako ikirudi nyuma, usikimbilie kuizomea. Tazama kwanza kama kuna kizibo kimoja kilichobaki karibu na mstari wa kati.