Bareli ya Klarineti: Urefu Upi Unafaa?

Salgaa, kituo kilicho katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Julai baridi ya nchi hiyo huweza kukaribia nyuzi 10 za Selisiasi, na mchana jua hupandisha joto kupita nyuzi 20. Mpiga klarineti aliyezoea hewa ya Mombasa akipiga Salgaa asubuhi na mapema, pamoja na kinanda cha umeme, ataona kwamba sauti yake imeshuka chini ya ile ya kinanda. Aghalabu watu husema kwamba ala ni mbovu, au kwamba nchi ya juu haiifai, na fedha za bendi hutolewa kununua bareli mpya. Kabla ya kuzitoa, yafaa kujua bareli hufanya kazi gani na haiwezi kufanya kazi gani.

Bareli ni kile kipande kifupi kilicho baina ya kipande cha mdomoni na kiungo cha juu cha klarineti. Katika klarineti ya kawaida, yaani ya B fleti, urefu wake huwa karibu milimita 66, na zinazouzwa madukani nyingi ni za milimita 62 hadi 68. Kazi yake katika kulinganisha sauti ni rahisi kufahamu. Hewa iliyomo ndani ya bomba ndiyo itoayo sauti. Bomba likiwa refu sauti hushuka, na likiwa fupi sauti hupanda. Kwa hiyo bareli fupi huipandisha sauti ya klarineti, na bareli ndefu huishusha.

Lakini kwa nini sauti ishuke huko Salgaa? Si kwa sababu ya kimo cha nchi, bali ni kwa sababu ya baridi. Wepesi wa hewa ya nchi za juu haubadilishi mwendo wa sauti. Joto ndilo huubadilisha. Katika nyuzi 10 sauti huenda karibu mita 337 kwa sekunde, na katika nyuzi 28, kama za Mombasa, huenda karibu mita 348. Mwendo ukipungua, sauti ya bomba hushuka. Hata hivyo pumzi ya mpigaji ina joto, nayo huipasha hewa iliyo ndani ya ala. Basi klarineti iliyopigwa polepole kwa muda wa dakika 10 au 15 hurudisha sehemu kubwa ya sauti iliyopotea, wala haikugharimu hata senti moja.

Wanamuziki hugawanya kila nusu-toni katika sehemu 100 ziitwazo senti. Kwa kipimo hicho athari ya bareli huonekana wazi. Noti ya G inayopigwa bila kufunika tundu lolote hutumia bomba fupi, kiasi cha sentimita 25. Ukipunguza milimita 1 ya bareli, noti hiyo hupanda karibu senti 7. Noti ya chini kabisa, ambayo matundu yake yote hufunikwa, hutumia bomba la sentimita 58 hivi. Milimita ile ile huipandisha karibu senti 3 tu. Hapa ndipo penye hatari. Mtu akinunua bareli ya milimita 60 mahali pa ile ya 66, G itapanda karibu senti 42, na noti ya chini karibu senti 18. Hapo klarineti haitapatana na kinanda, wala noti zake zenyewe hazitapatana.

Basi kipimo na kifanywe kwa utaratibu. Kwanza, mpigaji atumie kipande chake mwenyewe cha mdomoni na ulimi wa tete ulio mzima, na aipashe ala moto kama ilivyosemwa. Pili, bareli isukumwe mpaka mwisho. Tatu, mtu mwingine ndiye atazame kifaa cha kupimia sauti, ambacho siku hizi hupatikana hata katika simu ya mkononi. Mpigaji akikitazama mwenyewe, midomo yake itarekebisha sauti bila ya yeye kujua. Nne, zipigwe noti za bomba fupi na za bomba refu, kila moja mara tatu, na hesabu ziandikwe. Kazi hii irudiwe siku nyingine, asubuhi na mchana.

Hesabu hizo zitaonyesha dawa. Noti zote zikiwa juu, hakuna haja ya kununua kitu. Bareli ivutwe nje kidogo. Noti za bomba fupi zikiwa sawa na za bomba refu zikiwa juu, bareli iachwe, na kiungo cha katikati ndicho kivutwe. Noti moja au mbili tu zikikosea, kosa huenda likawa uchafu katika tundu, kifuniko kisichofunguka vyema, au ulimi uliochoka. Hakuna bareli itakayoponya hayo. Lakini noti zote zikiwa chini, hali ala imepata moto na bareli imesukumwa mpaka mwisho, hapo ndipo bareli fupi inapohitajika.

Tuseme G iko chini kwa senti 10 na bareli ni ya milimita 66. Bareli ya milimita 64 itaipandisha karibu senti 14, na zile 4 zilizozidi zitaondolewa kwa kuivuta kidogo. Ndiyo maana, mwenye fedha za bareli moja tu na achague ile iliyo fupi kwa milimita 1 au 2, asizidishe. Bareli fupi hurefushwa kwa kuvutwa, lakini ndefu haifupishwi ila kwa kukatwa, na msumeno huharibu umbo la tundu lake la ndani. Tundu hilo nalo lilingane na la klarineti yenyewe, kwa hiyo bareli ijaribiwe kabla ya kulipiwa.

Klarineti kuukuu, hasa za kupewa, zina jambo lao. Kipimo cha A kuwa mitetemo 440 kwa sekunde kilikubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kabla ya hapo, katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, bendi nyingi za Uingereza zilipiga A ya karibu 452, yaani juu kwa karibu nusu ya nusu-toni. Ala za namna hiyo mara nyingi huwa zimepigwa chapa ya herufi HP. Kuzitia bareli ndefu ni kazi bure, kwa maana matundu yake yote yalitobolewa kwa kipimo kingine.

Mwisho, klarineti nyingi zilizo nzuri huchongwa kwa mpingo, mti uotao Tanzania na Msumbiji. Mti huo ni mgumu sana, lakini pumzi ya moto ikiingia ghafula katika ala iliyolala kwenye baridi, huweza kuupasua. Kwa hiyo ishikwe mikononi kwanza mpaka baridi imtoke, kisha ipigwe kwa upole.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika jambo la bareli kuchagua ni lazima, ila kupima kutangulie.