Binti ananenepa, shamba hatuendi tena

SWALI: Daktari, niko hapa Walikale-centre. Binti yangu wa miaka 13 amenenepa sana tangu vita ilipoingia mjini Machi 2025. Sketi ya shule haifungi, na akipanda kilima kidogo anahema. Shangazi zake wanafurahi, wanasema sasa ndiyo anaonekana mtoto wa watu, lakini darasani wenzake wanamcheka. Kwetu wote tumezaliwa wembamba. Bugali anakula uleule wa kaka zake. Shamba letu la msituni tuliliacha kwa kuogopa watu wenye silaha; siku hizi nauza kiduka, naye ananisaidia baada ya masomo. Je, ni homoni, ni ugonjwa, au ni uvivu? Nimnyime chakula cha jioni? (Mama wa watoto wanne)

JIBU: Mama, nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka. Chakula cha jioni usimnyime. Mtoto wa miaka 13 bado anarefuka, mifupa inadai protini na madini, na kama ameshaanza hedhi basi anahitaji madini ya chuma zaidi kuliko kaka zake. Ukimlaza na njaa, kesho njiani atanunua mandazi na kuyala amejificha. Tabia ya kula kwa kujificha ikishamwingia msichana, kuitoa ni kazi kubwa kuliko kupunguza kilo.

Uvivu nao tuuweke kando. Barua yako imetaja shamba na kiduka, na humo ndimo nionavyo sehemu kubwa ya jibu. Binti aliyezoea kutembea hadi msituni, kung'oa mihogo, kurudi na mzigo mgongoni, kuteka maji na kutwanga sombe alikuwa akifanya kazi ya mwili kwa saa nyingi bila mtu kuiita mazoezi. Bugali ule ulikuwa unalipa kazi hiyo. Sasa bugali umebaki uleule, kazi imeondoka, na mtoto ameketi nyuma ya meza yenye biskuti, peremende na Fanta. Kaka zake pengine bado wanacheza mpira na kukimbia huku na huko. Msichana, usalama ukiharibika, ndiye wa kwanza kufungiwa ndani, na wazazi wana haki ya kuogopa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili. Duniani kote, vijana 8 katika kila 10 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawazifikii. Huko Ulaya wanazuiwa na gari na televisheni. Walikale wanazuiwa na milio ya risasi, na mwili haujali sababu.

Halafu kuna chakula chenyewe. Shamba lilikupa sombe, ndizi, mboga za majani, uyoga wa msimu, na mto ulikupa samaki. Duka linakupa mchele, makaroni, sukari, mafuta na biskuti. Tazama njia ambayo bidhaa hupitia kufika kwenu: pikipiki zinazohangaika kwenye matope kutoka upande wa Bukavu kupitia Hombo, au ndege ndogo ambazo kwa miaka mingi zilitua juu ya barabara pale Kilambo. Nyanya haivumilii safari hiyo. Biskuti inavumilia, sukari inavumilia, soda ya chupa inavumilia. Maharage, viazi na jibini ya Masisi, ambavyo vingeweza kuwa chakula cha watoto wa jirani yao Walikale, vinakwama kila mapigano yanapofunga barabara. Kwa hiyo mtu aliyepoteza shamba hachagui tu kula vibaya; sokoni anakuta kile kilichoweza kufika. Na penye pesa ya kasiteriti, kama njia ya kwenda mgodi wa Bisie, pesa hiyo inanunua kwanza vitu vya chupa na vya pakiti, kwa sababu ndivyo vilivyopo na ndivyo vinavyoonyesha kwamba mtu amefanikiwa.

Soda niiseme peke yake. Chupa ya sentilita 33 ya kola ina karibu gramu 35 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 8 vya chai. OMS inapendekeza mtu asipitishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na afadhali abaki chini ya 25. Chupa moja imeshavuka kipimo kile cha afadhali, na tumbo halijisikii kushiba, kwa hiyo bugali wa jioni unaliwa kama kawaida. Najua pia kwa nini familia nyingi zinampa mtoto soda kwa moyo mweupe: kipindupindu kiko Kivu miaka yote, na chupa iliyofungwa inaaminika kuliko maji ya chemchemi. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni maji yaliyochemshwa na kuhifadhiwa kwenye bidoni safi lenye kifuniko, liwepo pale pale dukani karibu na kiti chake. Akipata kiu, mkono ukutane na maji kabla ya Fanta.

Mawese, kinyume na unavyoweza kusikia kwa watu waliosoma nusu ukurasa, usiyafukuze jikoni. Mafuta mekundu yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Ila kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, basi pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani, na usiyachemshe mpaka yawe meupe, kwa sababu hapo vitamini imekwenda na kalori zimebaki.

Umesema kwenu wote ni wembamba. Kuna jambo hapa ambalo wazazi wa Kivu hawaambiwi mara nyingi. Binti wa miaka 13 alizaliwa karibu mwaka 2012, na Walikale ya miaka ile haikuwa na utulivu. Huenda ulikuwa na mimba yake ukikimbia au ukila mara moja kwa siku. Tazama njaa ya namna hiyo ilivyowaathiri watoto kwingine: Uholanzi ilipata njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945. Vijana ambao mama zao walikumbwa na njaa ile katika nusu ya kwanza ya ujauzito walipopimwa wakiwa na miaka 19, walikutwa na unene wa kupindukia mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Huko São Paulo, Brazili, watafiti walipima watoto waliodumaa, wakaona miili yao inachoma mafuta kwa uchache kuliko ya watoto wa mitaa ileile ambao hawakudumaa. Mwili ulioanza maisha kwa kukosa hujifunza kuweka akiba. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018, watoto 4 hivi kati ya 10 wa Kongo walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Watoto hao wakikutana na sukari na kukaa kitako, wanaweza kunenepa upesi kuliko babu zao walivyoweza kufikiria. Hilo si kosa lako, mama. Nalisema ili uache kumlinganisha na jamaa zako waliozaliwa wembamba.

Sasa, kabla hujaamini kwamba ni unene wa kawaida, hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni bwaki (kwashiorkor). Kivu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Hospitali ya Lwiro, kule Kabare, imekuwa ikiutibu na kuuchunguza tangu miaka ya sitini. Mtoto mwenye bwaki anaweza kuonekana amejaa mashavu na miguu, kumbe ni maji. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mguu, sekunde tatu, miguu yote miwili. Shimo likibaki, usisome tena gazeti; nenda hospitali leo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza pia kutoka kwenye figo au moyo.

La pili ni hiyo homoni uliyoiuliza. Tezi ya shingo ikilegea, mtoto huongezeka uzito kiasi, lakini pia huacha kurefuka, huchoka, huhisi baridi na hupata choo kigumu. Mtoto aliyenenepa kwa chakula mara nyingi huwa mrefu kuliko wa umri wake. Basi msimamishe ukutani, uweke alama, urudie baada ya miezi mitatu. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa letu, kilijulikana kwa madaktari wa dunia kwa sababu ya rovu: watafiti wa Kibelgiji walionyesha jinsi ukosefu wa madini ya joto, pamoja na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ulivyoumiza tezi za watu. Nunua chumvi yenye madini ya joto na usiharakishe kuloweka muhogo.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, hasa niliposoma habari ya shangazi wanaofurahi. Muulize binti, kwa upole na mkiwa wawili tu, kama kuna mtu amempa vidonge vya kunenepa. Biashara hii imeenea Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliionyesha wazi mjini Kinshasa, na vidonge vilevile vinauzwa kwenye famasi za mitaani bila karatasi ya daktari. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta njaa na usingizi. Kingine, ambacho mara nyingi hupewa pamoja nacho, ni deksametazoni. Hiki huvimbisha uso, hupandisha sukari ya damu na shinikizo, na kwa mtoto anayekua huzuia urefu. Ukigundua amekitumia kwa majuma kadhaa, usikikatishe ghafla, maana mwili huwa umeshaacha kutengeneza homoni yake yenyewe na anaweza kuzimia. Chukua pakiti uende naye kwa daktari, akipunguze kidogokidogo. Na shangazi waambiwe, mbele ya baba wa mtoto ikibidi, kwamba mchezo huo umekwisha.

Ukishayaondoa hayo, mpime. Gawanya kilo zake kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti wa kilo 58 mwenye mita 1.52 anapata karibu 25. Kwa msichana aliyetimiza miaka 13, uzito uliozidi huanzia karibu 22, na unene wa kupindukia karibu 26. Angalia muuguzi asitumie kipimo cha watu wazima, kwa sababu hapo mtoto mwenye 24 ataambiwa yuko sawa. Kumbuka vilevile kwamba wasichana wa umri huu huongeza mafuta kidogo kwa kubalehe, na hilo ni jambo la kawaida.

Akiwa na uzito uliozidi, lengo si kukonda. Lengo ni kilo zisimame huku urefu ukiendelea. Sikuambii umrudishe shambani; njia za huko zimewaumiza wasichana wengi mno. Lakini ndani ya kitongoji kuna kamba ya kuruka, kuna kwaya inayocheza, kuna uwanja wa parokia au wa shule mchana watu wakiwapo, kuna kinu. Dukani asimame, apange bidhaa, asiketi saa tatu mfululizo. Biskuti zihamie rafu ya nyuma. Sahani yake ianze na sombe au mboga nyingine, maharage au samaki, kisha bugali ufuate, na kaka zake wale vivyo hivyo, asionekane yeye peke yake ndiye mgonjwa wa nyumba. Alale kwa muda wa saa 8 hadi 10, simu ikiwa chumbani kwako. Mtoto anayeshtuka usiku kwa milio ya risasi hulala vibaya, na kukosa usingizi huongeza hamu ya vitu vitamu; azungumze na mtu anayemwamini kuhusu anayoyaogopa.

Kwa takwimu za OMS za 2022, vijana na watoto milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi. UNICEF ilitangaza 2025 kwamba kwa mara ya kwanza wenye unene wa kupindukia wamewapita wenye uzito mdogo katika umri huo, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Kwetu njaa bado ndiyo kubwa. Ndiyo maana nakuomba umpime na mdogo wake wa mwisho siku hiyohiyo, kwa sababu nyumba moja inaweza kuwa na mnene na aliyedumaa kwenye meza moja.

Dalili zisizongoja ni hizi: kiu kali na kukojoa mara kwa mara, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, ngozi nyeusi nene shingoni, au kuchechemea kwa maumivu ya nyonga au goti. Akiwa na hata moja, mpeleke hospitali kuu ya Walikale. Akiwa hana, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu wiki hii akapimwe urefu na uzito, na kama ulikuta vidonge, uwe na pakiti yake mkononi.