Safari ya Nakuru: Soma Jina Kabla ya Kuweka PIN

Desemba ikikaribia, wateja wetu wengi huanza kutafuta chumba Nakuru. Jiji liko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, na lina mambo ya kuona: vifaru weusi na weupe kwenye Mbuga ya Ziwa Nakuru, kreta ya Menengai, makumbusho ya Hyrax Hill. Karibu kila kitu utalipia kwa simu. Pesa iliyo rahisi zaidi kupotea ni ile ya kwanza kabisa, arbuni ya chumba.

Tuseme umeona picha za hoteli kwenye Facebook: kitanda kikubwa, bwawa la kuogelea, kiamsha kinywa ndani ya bei. Unaandika WhatsApp na unajibiwa haraka, tena kwa adabu. Vimebaki vyumba viwili tu, tuma nusu, Sh4,500, kwa namba hii. Namba yenyewe ni ya mtu binafsi. Hapo tulia kwanza. Picha zinaweza kuwa zimenakiliwa kutoka kwa hoteli ya kweli ambayo haina habari na wewe, na utajua hivyo ukiwa umesimama mapokezi na watoto na mizigo.

Tafuta namba ya hoteli mahali pengine, si kwenye ukurasa ule ule, kisha upige. Uliza wanapokea malipo kwa Paybill au Till gani, na jina gani litatokea. Swali hilo la jina ni muhimu, kwa sababu biashara nyingi halali zimesajiliwa kwa jina tofauti na lile lililo kwenye bango. Ukiingiza namba, M-PESA hukuonyesha jina kabla ya PIN. Lisome lote. Lisipolingana na uliloambiwa, usiendelee, hata kama aliye upande wa pili anakuharakisha.

Ukiwa bado kwenye simu, uliza pia mambo ya starehe. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi, kwa hivyo maji moto ni jambo la maana kuliko bwawa. Yanapatikana saa zote au asubuhi tu? Mtoto analipiwa? Ukiahirisha safari, arbuni inarudi? Waombe wakujibu kwa maandishi.

Ukipitia Kikopey, karibu na Gilgil, kula nyama choma ni lazima (sisi hatubishani na hilo). Vibanda vimepangana na kila mhudumu anakuvuta kwake. Ona nyama ikipimwa, kubaliana bei ya kilo, ndipo ulipe. Kwa Till ya kununua bidhaa, mteja hakatwi ada ya muamala, kwa hivyo usikubali kuongezewa "ya kutoa".

Mbuga ni rahisi zaidi. Shirika la Wanyamapori, KWS, hupokea ada ya kiingilio kupitia eCitizen, si pesa taslimu langoni. Angalia bei huko huko, ulipe ukiwa bado hotelini kwenye mtandao mzuri, na uhifadhi risiti kwenye simu. Paybill ya serikali ni 222222, na namba ya akaunti ni ile unayopewa na eCitizen. Mtu akijitolea kukulipia "haraka" kupitia namba yake, mshukuru na uendelee na safari.

Na ikiwa umeshatuma kwa namba isiyo sahihi? Usianze kwa kubembelezana na aliyepokea. Peleka ujumbe wa muamala wa M-PESA kwa 456 papo hapo, kwa kuwa pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Namba ya tapeli iripoti kwa 333, bila malipo. Usifute mazungumzo ya WhatsApp, maana polisi watayahitaji ukienda kuandikisha taarifa.