SOMO LA AFYA: JICHO LIKITOKA MAHALI PAKE



Kabla wachumaji hawajapanda mikarafuuni, twaona yafaa tusome pamoja jambo moja la hatari. Somo letu twalianzia mbali, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, ambako vijana wengi wa bara hutafuta riziki.

Huko Nyarugusu, Rwamagasa na Kakola, mchimbaji mdogo hushuka duarani na nyundo na tindo kupasua mwamba. Jiwe likiruka, au nyundo ikimpiga usoni, pigo laweza kulisukuma jicho mbele hata kope zikajifunga nyuma yake. Si jambo la kila siku, lakini likitokea halingoji. Mshipa wa kuonea huvutika, na jicho hukauka kwa kukosa kope. Damu ikijaa nyuma yake huubana mshipa huo, na kwa muda wa saa mbili tu mtu aweza kupofuka.

Sisi hatupasui mawe. Lakini tawi la mkarafuu lililokunjwa hurudi kama fimbo, na aangukaye juu ya mti hachagui pa kuangukia. Basi tushike haya:

Kwanza, aliyeanguka atazamwe pumzi na damu, na shingo yake isitikiswe.

Pili, jicho lisirudishwe kwa mkono, lisivutwe, wala lisisuguliwe. Kulirudisha ni kazi ya daktari. Na kama kitu kimelichoma, kisichomolewe.

Tatu, lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Yasipokuwapo, yatumike maji yaliyochemshwa yakapoa. Juu yake wekeni kikombe safi, ukingo wake ukae juu ya mfupa, usiliguse jicho. Fungeni bila kukaza.

Nne, jicho la pili nalo lifunikwe, kwani macho mawili huenda pamoja. Mwenzenu atakuwa gizani. Mshikeni mkono na mumweleze kila mnalofanya.

Tano, asile wala asinywe, maana huenda akapasuliwa. Asipenge kamasi. Asitiwe majani, maziwa ya mama wala mkojo. Vitu hivyo huleta uchafu na kuozesha jicho.

Sita, apelekwe hospitali mara moja, amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo. Ikiwa shingo ina shaka, alazwe sawasawa bila mto.

Tuzingatie habari ya njia. Mgonjwa wa Geita anayepelekwa Bugando, Mwanza, zamani alikuwa akingoja kivuko pale Busisi. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na kungoja huko kukaondoka. Sisi wa Pemba tungali na bahari mbele yetu. Kwa hiyo tusianze kutafuta chombo cha kwenda Unguja. Tumwahishe kwanza hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, na daktari ndiye atakayeamua kama avushwe.

Twaomba kila mwenye shamba aweke kambini kitambaa safi, kikombe na chupa ya maji yaliyochemshwa, na ajue mapema ni gari ya nani itakayombeba mgonjwa. Karafuu iliyopotea mwaka huu huzaa tena mwakani. Jicho halizai.

Katibu wa Chama