Mionzi na Masafa

SWALI: Mbona hapa Namtumbo apigwaye eksirei ya kifua husimamishwa mbali na mashine kuliko apigwaye ya mkono?

JIBU: Mionzi hutawanyika kadiri isafirivyo, hata masafa yakizidishwa mara 2 nguvu yake husalia robo, basi ahamaye kutoka sentimita 100 hadi 180 hana budi kuzidisha zao la miliampea na sekunde zaidi ya mara 3, ama sivyo filamu itapauka. Taabu hiyo ina faida adhimu, kwa maana kivuli cha moyo hakikuzwi kupita kiasi, na kingo zake hudhihirika. Kilovolti ni shauri jingine: zikizidi, mionzi hupenya barabara, lakini tofauti ya weusi na weupe hupungua. Kwa mtoto asiyeweza kuzuia pumzi, muda ufupishwe, miliampea ziongezwe.