Mtoro Ni Nani? Somo Kutoka Vijia vya Mafate

Hapa shuleni mwalimu akitaja neno "mtoro", sote tunageuka kumtazama yule aliyeruka ua siku ya Ijumaa. Lakini neno hili lina umri mkubwa kuliko ua wetu. Zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hapa kwetu, katika karne ya 19, watoro walijijengea makao yao Fuladoyo, bara ya Malindi. Leo hebu tuvuke bahari tuwafuate watoro wengine, tena kwa miguu, maana huko tuendako gari halifiki.

Kisiwa chenyewe ni Réunion, kilomita 700 hivi mashariki ya Madagaska, nacho ni sehemu ya Ufaransa. Kilizaliwa na volkeno. Kilele chake, Piton des Neiges, kina urefu wa mita 3,070 hivi. Ubavuni mwa mlima huo pana bonde kubwa liitwalo Mafate, lililozungukwa na kuta za mwamba. Mvua ndiyo fundi aliyelichonga. Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc kisiwani humo, palinyesha milimita 1,825 kwa siku moja, yaani zaidi ya mvua ya mwaka mzima ya Nairobi!

Je, ni nani aliyethubutu kuingia humo? Katika karne ya 18 Wafaransa walilima kahawa kisiwani kwa jasho la watumwa. Wengi walitoka Madagaska, wengine Msumbiji, na wengine walinunuliwa hapa pwani, Kilwa. Sheria ya 1723 ilikuwa kali: mtoro akikosekana mwezi mmoja, masikio hukatwa, akirudia, hukatwa kano za mguu, mara ya tatu, kifo. Fikiri basi, kwa nini mguu? Kwa sababu mguu ndio uliokuwa uhuru wake.

Hata hivyo walipanda. Wawindaji wa watu, kama François Mussard, waliwafuata milimani na kurudi na mikono iliyokatwa kuwa ushahidi. Inasemekana jina Mafate lilikuwa la kiongozi mmoja wa watoro. Utumwa ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, na baadaye walowezi maskini nao wakaja kulima bondeni.

Mpaka leo hakuna barabara ya gari ndani ya Mafate. Mgeni huacha gari karibu na Col des Bœufs, kisha hushuka kwa miguu mwendo wa saa mbili hivi hadi kijiji cha La Nouvelle. Mizigo mizito huletwa kwa helikopta. Mtu aitwaye Ivrin Pausé alipeleka barua humo kwa miguu kwa miaka 40 hivi. Watoto husoma shule ya msingi bondeni, lakini wakitaka sekondari hawana budi kutoka. Wewe unayelalamika kwamba bweni liko mbali na darasa, upo?

Mwaka 2010 milima na mabonde hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na watalii humiminika. Wengi wanatazama maporomoko na kupiga picha. Si vibaya. Lakini anayejua historia hupanda polepole zaidi, kwa kuwa kila mwinamo unamwuliza: je, ungeupanda huu usiku, bila viatu, mbwa wakibweka nyuma?

Basi wenzangu, neno ni kama kijia cha kale: tunalipita kila siku bila kuuliza ni nani aliyetangulia. Kesho ukisikia "mtoro" gwarideni, cheka ukipenda. Ila ukumbuke kwamba wapo waliolibeba jina hilo kwa heshima, wakilipia kwa miguu yao.

Zoezi
1. Eleza maana mbili za neno "mtoro".
2. Kwa nini sheria ya 1723 iliadhibu mguu?
3. Waulize wazee wa kwenu: kijia kimoja cha kale kilianzishwa na nani, naye alikuwa akienda wapi?