Tui linakatika, na machicha niyatupe?

Swali: Shangazi, kila nikipika maharage ya nazi tui linakatika. Tena, ni kweli machicha hung'arisha ngozi?

Jibu: Mwanangu, tui halitaki haraka. Maharage yaive kwanza kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili. Tui zito litie mwisho, moto uwe mdogo, koroga bila kuachia mpaka vipovu vianze kupanda pembeni mwa sufuria, hapo epua. Ukifunika au ukitia limau mapema, litakatika tu.

Machicha usiyatupe. Hayabadilishi rangi, na wala rangi yako haina kasoro, ila mafuta yaliyobaki humo hulainisha. Sugua viwiko na visigino taratibu, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Limau usichanganye: ukikaa juani ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa.